Dawa ya Maji Isigeuke Sumu: Somo kuhusu Klorini ya Unga kwa Kamati za Parokia



Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu kitu ambacho karibu kila kamati ya maji katika wilaya za Kasulu na Kibondo inakifahamu: klorini ya unga, ambayo mafundi wengi huiita HTH au kwa kifupi "dawa ya maji". Huletwa kwa mapipa ya kilo 40 hadi 50, nayo ni nyeupe kama chumvi ya mawe. Wahisani wengi wanaosoma kurasa hizi wamewahi kuichangia. Lakini tunapotembelea maghala yetu, mara nyingi swali tunaloulizwa ni "mmebakiwa na mapipa mangapi?" Ni mara chache tunaulizwa "mapipa hayo yamekaa wapi, na nani ana ufunguo?"

Somo hili linahusu swali hilo la pili.

Kwa nini tunaihitaji

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakiwa wametoka Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 walifika kwa wingi wakimbizi kutoka Burundi, na ndani ya mwaka mmoja idadi ya watu kambini ilizidi mara mbili. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena ili kupunguza msongamano.

Wengi wa Warundi hao walipitia Kagunga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika. Maelfu ya watu walikaa pale ufukweni wakisubiri meli, vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa yale ya ziwa. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kililipuka. Hadi tarehe 22 Mei Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limetangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Kati ya waliofariki, 29 walikuwa wakimbizi na wawili walikuwa Watanzania. Waliokumbuka Goma ya Julai 1994, ambako makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikufa kwa kipindupindu na kuhara damu, walijua jambo hilo lingeweza kufika wapi.

Ugonjwa ulizuiwa kwa mambo mengi yaliyofanywa kwa pamoja: matibabu ya haraka, vyoo, sabuni, kuwahamisha watu kutoka ufukweni, na maji yaliyotiwa klorini. Kwa hiyo hatuandiki somo hili ili mtu yeyote aiogope klorini na kuiacha. Maji yasiyotiwa dawa yanaua watu wengi kuliko klorini. Tunaandika kwa sababu kitu chenye nguvu ya kuua vijidudu katika tangi la lita 95,000 kwa robo kilo na ushee tu, kina nguvu pia ya kuumiza mapafu, macho na ngozi ya mtu anayekishika.

Ifahamu kemikali yenyewe

Jina lake la kitaalamu ni kalsiamu hipokloriti. Klorini inayofanya kazi ndani yake ni kati ya asilimia 65 na 70. Kwenye pipa tafuteni alama ya njano yenye umbo la almasi, iliyochorwa moto juu ya duara, na namba 5.1. Mara nyingi utaona pia namba 1748 au 2880. Alama hiyo maana yake ni kwamba kemikali hii yenyewe haiwaki kama petroli, bali hutoa oksijeni na kuufanya moto wa vitu vingine uwe mkali sana.

Mambo matatu yakumbukwe:

1. Ikikutana na asidi, hutoa gesi ya klorini. Asidi hapa ni maji ya betri, dawa kali za kusafishia choo, siki au maji ya ndimu.

2. Ikikutana na mafuta au kitu kinachoungua, inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Dizeli ya pampu, oili, grisi, mawese, rangi, matambara yenye mafuta, maranda ya mbao na magunia yote yamo katika kundi hili.

3. Ikikutana na mbolea ya urea, mkojo au kitu kingine chenye amonia, hutoa gesi za sumu na inaweza hata kulipuka. Vilevile isichanganywe ikiwa kavu na klorini ya aina nyingine, kwa mfano vidonge vya Aquatabs. Zote ni dawa za maji, lakini hazikai pipa moja.

Sasa tufikirie ghala la kawaida la kijijini kwetu. Kuna dumu la dizeli ya pampu, kuna oili, kuna mifuko ya urea ya shamba la kamati, kuna betri ya zamani ya sola, na pembeni kuna pipa la dawa ya maji. Aliyeviweka pamoja hakuwa na nia mbaya. Chumba chenye bati na kufuli kilikuwa kimoja tu. Lakini chumba hicho kina kila kitu kinachohitajika ili ajali itokee.

Gesi yake inafanyaje

Gesi ya klorini ina uzito karibu mara mbili na nusu ya hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hutambaa chini na kujaa mashimoni na mabondeni. Nchi yetu ya Kasulu na Kibondo ni ya vilima na mabonde, na watu wengi wanajenga karibu na vijito. Kwa hiyo wakati wa hatari watu wakimbie kuelekea juu ya kilima na upande unakotoka upepo. Wasikimbilie mtoni, wala wasijifungie katika chumba cha chini.

Dunia imeona nguvu ya gesi hii. Tarehe 27 Juni 2022, katika bandari ya Aqaba nchini Yordani, kamba ya winchi ilikatika na tangi la klorini likaanguka kwenye sitaha ya meli. Watu 13 walifariki na zaidi ya 250 waliumia. Tarehe 29 Septemba 2024, katika mji wa Conyers, jimbo la Georgia nchini Marekani, maji yalifikia kemikali za klorini za mabwawa ya kuogelea zilizohifadhiwa kiwandani. Moto na moshi uliofuata uliwalazimu watu wapatao 17,000 kuhama makwao. Sisi hatuna matangi makubwa ya namna hiyo. Lakini wenzetu wa Conyers walikuwa na zimamoto jirani na barabara za lami, na bado walihangaika kwa siku kadhaa. Pipa moja likiungua kijijini, kilomita nyingi kutoka Kasulu mjini, watakaolikabili ni mtunza ghala, jirani zake na watoto waliokuja kushangaa.

Ghala linalofaa

Kamati yoyote inaweza kupima ghala lake kwa orodha hii:

- Klorini ikae peke yake katika chumba chake. Dizeli, oili, mbolea na betri vikae chumba kingine, si kona nyingine ya chumba kilekile.
- Chumba kiwe na matundu ya hewa juu na chini, kwa sababu gesi hukaa chini.
- Paa lisivuje. Kabla ya mvua za masika mtu apande aangalie misumari ya bati.
- Mapipa yasikae sakafuni. Yainuliwe juu ya chaga za plastiki au matofali. Mbao zilizoloa mafuta hazifai.
- Jua lisiyapige mapipa, na joto lisizidi nyuzi 35. Chini ya bati tupu wakati wa kiangazi joto hupita hapo. Dari ya mkeka mbali na mapipa haitoshi, bali pandeni mti wa kivuli nje na ongezeni matundu ya hewa.
- Pipa lililofunguliwa lifungwe vizuri kila baada ya matumizi. La zamani litumike kwanza, kwani nguvu ya dawa hupungua kadiri inavyokaa.
- Mlangoni paandikwe kwa Kiswahili, na pale inapofaa kwa Kiha, Kirundi au Kifaransa: HATARI, KLORINI. USIVUTE SIGARA. USIINGIE. Mchoro wa fuvu huwasaidia wasiojua kusoma.
- Ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana, na wa akiba kwa mtu wa pili.
- Nje ya mlango, si ndani, pawe na maji safi ya kutosha, angalau dumu tano za lita 20, kwa ajili ya kuosha macho na ngozi.

Usafirishaji nao usisahaulike. Mzigo kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika kwetu. Mwambieni mwenye lori kwa maandishi kwamba mapipa hayo hayapakiwi pamoja na mafuta ya kula, dizeli, magodoro wala chakula, na kwamba lazima yafunikwe turubai. Pia kumbukeni kuwa tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kabla ya kuagiza au kupokea mzigo mkubwa, ulizeni kwanza taratibu za usajili na vibali.

Kuchanganya dawa

Anayechanganya avae glavu ndefu za mpira, miwani ya kinga inayoziba pembeni, aproni, gambuti na barakoa. Afahamu kwamba barakoa ya kitambaa au ya hospitali husaidia kuzuia vumbi tu, haizuii gesi. Afanyie kazi nje au penye upepo, akiupa upepo mgongo. Asiwe peke yake.

Kanuni ya kwanza ni hii: tia dawa kwenye maji, usitie maji kwenye dawa. Maji kidogo yakimwagwa juu ya unga mwingi, unga hupata joto, huruka na hutoa gesi. Tumia ndoo ya plastiki na kijiko cha plastiki kilicho kikavu. Chuma huliwa na dawa hii.

Dawa mama ya asilimia 1 hupatikana kwa kutia gramu 15 za unga, sawa na kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, katika lita 1 ya maji. Koroga, acha masimbi yatulie chini, kisha tumia maji ya juu.

Kipimo cha tangi kisikisiwe. Chukueni ndoo nne za lita 20 zenye maji ya chanzo chenu. Kwa bomba la sindano wekeni mililita 2 za dawa mama katika ndoo ya kwanza, 3 katika ya pili, 4 katika ya tatu na 5 katika ya nne. Subirini dakika 30, kisha pimeni klorini iliyobaki kwa vidonge vya DPD, vinavyogeuza maji kuwa rangi ya waridi. Chagueni ndoo ambayo klorini iliyobaki ni karibu miligramu 0.5 kwa lita. Kama ni ile ya mililita 4, basi tangi la lita 5,000 litahitaji lita 1 ya dawa mama, na tangi la lita 95,000 litahitaji lita 19. Maji yenye tope yachujwe au yatulizwe kwanza.

Kuzidisha dawa "ili tuwe na uhakika" si uhakika. Akina mama wakiyaonja maji yakanuka sana, watarudi kuchota kijitoni, na juhudi yote itakuwa bure.

Wakati wa kipindupindu hatari huongezeka, kwa sababu kituo cha matibabu hutumia dawa za nguvu mbalimbali kwa wakati mmoja. Ya kunawia mikono ni asilimia 0.05. Ya matapishi, kinyesi na maiti ni asilimia 2, yaani kali mara 40 kuliko ile ya mikono. Kwa macho zote zinafanana na maji. Kwa hiyo kila nguvu iwe na ndoo ya rangi yake yenye maandishi makubwa, na rangi hizo zisibadilishwe. Watu wasinyunyiziwe klorini mwilini kwa bomba; haiwasaidii, na inawaumiza macho na vifua.

Ajali ikitokea

*Unga ukimwagika kidogo.* Waondoe watu. Zima sigara na majiko. Vaa vifaa. Zoa kwa kizoleo cha plastiki kilicho safi na kikavu, weka katika ndoo safi na kavu ya plastiki. Usifute kwa tambara, usifunike kwa maranda, na usirudishe ndani ya pipa, kwa sababu uchafu uliozolewa nao unaweza kuanzisha moto pipani. Uliozolewa uyeyushwe kidogo kidogo katika maji mengi, mbali na kijito na bwawa la samaki. Unga usimwagwe katika shimo la choo.

*Pipa likipata joto, likifuka au likitoa mlio.* Usiliguse wala usilifunge kifuniko, kwani linaweza kupasuka. Watu waondoke kuelekea juu na kwenye upepo. Pigeni simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, na mjulisheni mtendaji wa kijiji. Ndani ya kambi mjulisheni pia Mkuu wa Kambi.

*Moto.* Moto huu huzimwa kwa maji mengi sana, kutoka mbali, na mtu aliyefundishwa na mwenye vifaa. Mchanga hauusongi, kwani oksijeni inatoka ndani ya kemikali yenyewe. Mtungi wa zimamoto wa unga haufai, kwa kuwa aina nyingi zina chumvi za amonia. Kama maji ni ndoo mbili tu, kazi yenu ni kuwahamisha watu, si kuzima.

*Aliyevuta gesi.* Mwokoaji asikimbilie ndani bila kinga. Hapo ndipo mgonjwa mmoja huwa wawili. Mgonjwa akishatoka, akae kitako akiegemea, alegezwe nguo, asitembezwe. Apelekwe kituo cha afya hata akisema amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye. Aangaliwe kwa saa 24. Maziwa si tiba ya gesi.

*Macho.* Osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa. Anza papo hapo, hospitali baadaye.

*Ngozi.* Pangusa unga mkavu kwanza, vua nguo zilizochafuka, kisha osha kwa maji mengi.

*Aliyemeza.* Asukutue kinywa, anywe maji kidogo kidogo kama ana fahamu. Asitapishwe. Asipewe ndimu, siki wala mafuta. Awahishwe hospitali pamoja na karatasi ya jina la kemikali iliyobanduliwa pipani.

Mapipa matupu

Hili tunaliweka peke yake kwa sababu linagusa nyumba zetu. Pipa tupu la plastiki lenye kifuniko ni mali. Mama wa familia ya watu wanane anaona chombo cha maji au cha mahindi, na ana haki ya kuona hivyo. Lakini pipa ambalo bado lina unga pembeni, likitiwa mafuta ya kula, mawese au dizeli, linaweza kuwaka moto nyumbani. Mtoto akiingiza kichwa ndani anaweza kuumia macho na kifua.

Kuwakataza watu tu hakutoshi, maana pipa litatoka usiku. Kamati ijaze kila pipa tupu maji hadi juu, imwage mbali na kijito, na irudie mara tatu au zaidi hadi pasibaki unga wala harufu. Kisha pipa libanduliwe karatasi na litumike kwa kazi za mradi, kwa mfano kunawia mikono shuleni. Yasiyohitajika yatobolewe. Idadi ya mapipa yaliyoingia na yaliyotoka iandikwe daftarini kama tunavyoandika fedha.

Neno kwa wahisani na kamati

Mchango wa klorini huonekana vizuri katika taarifa: mapipa kadhaa, lita kadhaa za maji salama. Jozi nne za glavu, miwani miwili, tundu la hewa ukutani na siku mbili za mafunzo havionekani. Ndiyo maana bajeti inapopunguzwa, hivyo ndivyo hukatwa kwanza. Tunaomba isiwe hivyo tena. Anayechangia klorini achangie na ghala lake, kinga zake, vidonge vyake vya kupimia na mafunzo ya mtu atakayeishika. Visipopatikana vyote, ni afadhali mapipa yapungue kuliko kinga zikosekane.

Anayefungua pipa hilo kila asubuhi mara nyingi ni kijana wa kujitolea anayelipwa posho ndogo, mkimbizi au mwanakijiji, ambaye hana bima. Watu wanakunywa maji salama kwa sababu yeye yuko pale. Macho yake na mapafu yake ni sehemu ya gharama ya maji, nasi tuliopanga mradi ndio tunaopaswa kuilipa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Klorini yetu imekaa na vitu gani? Twendeni tukaangalie leo, tusijibu kwa kukumbuka.
2. Nani huchanganya dawa? Ana glavu na miwani? Asipokuwepo, nani mwingine amefundishwa?
3. Upepo wa kwetu huvuma kutoka wapi wakati wa kiangazi na wakati wa masika? Watu wakimbilie wapi?
4. Zahanati iliyo karibu inajua kwamba tuna kemikali hii? Ina oksijeni?
5. Mapipa matupu ya mwaka jana yako wapi?

Kamati itakayojibu maswali haya ituandikie, hasa pale jibu lisiporidhisha, ili mahitaji ya ghala na kinga yaingizwe katika mpango wa robo mwaka ijayo. Tahadhari kabla ya hatari.